Trekta Ndogo na Mafundi wa Milimani

Mtu akishika njia ya kutoka Butembo kwenda Beni, mwendo wa kilomita 54, ataona majembe mia na zaidi kabla ya kuona trekta moja, na pengine hiyo moja hataiona kabisa. Alfajiri akina mama wanapanda mlima, jembe mkononi na mtoto mgongoni. Jioni wanateremka na jembe lile lile, na juu ya hayo mzigo wa viazi, kabichi au kuni, kamba yake imekazwa kipajini. Hivyo ndivyo inavyolishwa Butembo, na sehemu ya Goma, na zamani hata Kinshasa, mboga zilipokuwa zikisafirishwa kwa ndege.

Watu wengi hudhani kwamba sababu ya jambo hilo ni umaskini tu. Wanasema: tungekuwa na fedha, tungekuwa na trekta. Sisi twaona sababu si hiyo peke yake, na labda si hiyo ya kwanza. Kuna historia ndefu ya mashine za shamba katika nchi zetu za Afrika ya mashariki na Kongo, na ndani yake zimo hasara kubwa sana zilizofanywa na watu wenye fedha nyingi. Tena kuna historia nyingine, isiyoandikwa mara kwa mara, ya fundi anayeokota mashine iliyotupwa na kuifanya iseme tena. Ndizo habari tutakazo leo.

Yafaa kwanza tueleze ni mashine gani tunayoisema. Si ile trekta kubwa yenye magurudumu yanayompita mtu urefu. Twasema ile ndogo ya bustani, ambayo mara nyingi ina magurudumu mawili tu, na mwenyewe hutembea nyuma yake akiishika mikono yake miwili, kama mtu aongozaye ng'ombe wa plau. Kwetu wanaojua Kifaransa huiita motoculteur. Watanzania huiita pawatila. Kabla ya vita vya 1914 Mswisi mmoja, Konrad von Meyenburg, alibuni mashine isiyovuta plau, bali inayozungusha meno yenye spring, kama makucha ya mnyama achimbaye shimo. Udongo haugeuzwi kwa pande, unasagwa pale pale. Huko Geneva kiwanda cha Simar kilitengeneza mashine za namna hiyo kwa miaka mingi.

Mbali kabisa, huko Australia, kijana mmoja mwana wa mkulima, Arthur Clifford Howard, alianza kujaribu jambo la namna hiyo mwaka 1912 katika shamba la baba yake. Aliona kwamba plau ikivutwa na mashine nzito, udongo hugandamana chini. Alifungua kampuni mwaka 1922, na mwaka 1938 akahamia Uingereza. Na Marekani, katika jimbo la West Virginia, alikuwako mpiga picha jina lake Benjamin Gravely. Kazi yake ilikuwa picha, na shamba lake lilikuwa bustani tu, lakini alichoka kuipalilia kwa mkono. Akachukua vipande vya pikipiki ya zamani aina ya Indian, akavifunga kwenye plau ya kusukuma, na mwaka 1916 akapata hati ya serikali ya kuulinda ubunifu wake. Twapenda habari hii kwa sababu moja: mashine hiyo iliyokuja kuwa na sifa kubwa ilianza katika takataka za pikipiki. Fundi yeyote wa Butembo angemwelewa bwana Gravely mara moja, hata bila mkalimani.

Siri ya mashine hizo ni vifaa vyake vya kufunga. Injini ni moja, lakini mbele au nyuma yake mtu huweza kufunga plau, meno ya kusaga udongo, kisu cha kukata majani, gari dogo la kuvuta mizigo, pampu ya maji, au puli ya mkanda wa kuendesha kinu. Mtu anunuaye injini bila vifaa amenunua ng'ombe bila nira. Katika trekta za kiti, aliyelitengeneza jambo hili vizuri kuliko wote ni Harry Ferguson, mtu wa Ireland. Trekta yake ndogo ya rangi ya kijivu, TE20, ilitengenezwa Coventry tangu 1946 hata 1956, nazo zilitoka zaidi ya nusu milioni. Plau yake haikuburutwa kwa mnyororo, bali ilishikwa mahali patatu na kuinuliwa kwa nguvu ya mafuta, basi mtu mmoja aliweza kuibadili peke yake. Ilikuwa imara ajabu: Januari 1958 Edmund Hillary, yule aliyepanda mlima Everest, alifika Ncha ya Kusini ya dunia, kwenye barafu tupu, pamoja na trekta tatu za Ferguson zilizofungwa minyororo ya kukanyagia. Leo hii katika nchi nyingi wako watu wanaozitafuta trekta hizo kuukuu, wanazifungua hata bolti ya mwisho, wanazipaka rangi na kuzilima, wengine kwa furaha tu. Sisi huku tuna haja nyingine, lakini kazi ya mikono ni ile ile.

Basi mashine zilifikaje kwetu? Mwaka 1928 serikali ya Wabelgiji iliunda Comité National du Kivu, iliyopewa mamlaka ya kugawa mashamba makubwa kwa walowezi. Mwaka uliofuata, 1929, mapadre Waasumsionisti waliwasili nchi ya Beni. Mmoja wao, Padre Henri Piérard, akawa baadaye askofu wa kwanza. Kahawa ilipandwa, na katika sehemu za joto za Beni mipapai na michikichi; juu Lubero, ngano. Injini zililetwa kwa kukoboa kahawa, kupasua mbao, kusaga unga. Misioni nazo zilikuwa na karakana zao, na humo ndimo vijana wengi walipoona kwa mara ya kwanza tupa, jiriwa na mashine ya kukereza. Ndugu watawa waliofanya kazi katika karakana za misioni hawakuandika vitabu, na majina yao hayasomwi shuleni. Lakini wazee wa ufundi katika nchi zetu mara nyingi walijifunza kwa mtu aliyejifunza kwa mtu aliyejifunza kwao.

Mashambani kwa watu weusi, hata hivyo, haikuingia mashine. Iliingia amri. Tangu 1917 kulikuwa na sheria ya kulazimisha kilimo, siku 60 kwa mwaka, na baada ya vita vya pili yakaja mabwana shamba na amri za kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Watu waliichukia kazi hiyo, na uhuru ulipofika mwaka 1960 wengi waliiacha mitaro ikajaa. Twalikumbusha jambo hili kwa sababu litarudi tutakaposema habari ya trekta mlimani.

Habari ya mafuta nayo inatuhusu sana. Trekta nyingi za zamani ziliwashwa kwa petroli, kisha zikipata moto hugeuzwa kunywa mafuta ya namna ya mafuta ya taa, yaliyokuwa rahisi. Injini za dizeli zilivumilia zaidi. Katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900 ilionyeshwa injini ya dizeli ikienda kwa mafuta ya karanga. Na mwaka 1937 mwalimu wa Chuo Kikuu cha Brussels, bwana Chavanne, alipata hati kwa njia ya kugeuza mafuta ya mawese yawe mafuta ya injini. Mwaka 1938 basi la abiria lilikwenda kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta hayo. Mawese ya Kongo yaliendesha basi la Ulaya, na huku kwetu mtu alibeba mawese kichwani kwenda sokoni! Vita vikaja, petroli ikarudi kuwa rahisi, na jambo lenyewe likasahauliwa kwa miaka mingi.

Sasa tusimulie ile hasara kubwa. Mwaka 1946, baada ya vita, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Serikali yake ikakata shauri kulima karanga katika Tanganyika, ekari kwa mamilioni, kwa mashine. Mahali pa kwanza palikuwa Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Kisha Urambo na Nachingwea. Trekta mpya hazikupatikana za kutosha, maana viwanda vilikuwa bado vinajitengeneza baada ya vita. Basi wakanunua trekta na matingatinga yaliyotumika, mengine yakiwa mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, yaliyokuwa yamelala katika mvua ya bahari. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa trekta katika viwanda vya Vickers, vikaitwa Shervick. Wengine wakafurahi wakasema kwamba maneno ya nabii Isaya juu ya panga na majembe yametimia.

Mwaka 1947 kazi ilianza. Kabla mwaka haujaisha, sehemu kubwa ya trekta zilikuwa zimesimama. Imeandikwa kwamba theluthi mbili hazikufaa kazi. Udongo wa Kongwa una mchanga mkali unaokula chuma, na mvua ikikoma hugeuka kuwa kama matofali. Mizizi ya pori ilivunja plau. Vipuri vilikuwa vya namna nyingi mno, maana mashine zilitoka huku na huku, na kipuri cha hii hakikuingia katika ile. Januari 1951 shauri lote liliachwa. Gharama ilikuwa paundi milioni 36 hivi. Karanga zilizovunwa zilikuwa chache sana.

Wengi wakisimulia habari hii hucheka, wakisema kwamba mashine kuukuu haziwezi kitu. Sisi hatukubali hukumu hiyo. Mashine kuukuu haikuwa kosa. Kosa ni kuchukua mashine mia za namna ishirini, kuzipeleka mahali pasipo karakana, na kuzitazamia zifanye kazi kwa tarehe iliyowekwa London. Mashine iliyotumika huhitaji mtu anayeijua kwa jina. Huhitaji muda. Mwenye trekta moja kuukuu na fundi mmoja mwenye subira ana kitu kuliko mwenye trekta mia zisizo na fundi.

Wako waliojaribu njia nyingine. Uganda, katika shamba la Kabanyolo la Chuo Kikuu cha Makerere, mwalimu aitwaye Boshoff na wenzake walitengeneza katika miaka ya 1960 trekta ndogo nyepesi iliyokusudiwa mkulima mdogo. Iliitwa trekta ya Kabanyolo. Wazo lilikuwa jema: chuma kilichoungwa kwa urahisi, kisichohitaji kiwanda kikubwa. Lakini haikuenea. Tanzania mwaka 2009 serikali ilitangaza Kilimo Kwanza, na pawatila nyingi za magurudumu mawili zikaingizwa, nyingi za mtindo wa Kichina, zenye injini ya silinda moja. Katika mabonde ya mpunga, kama Mbarali, zilisaidia sana. Mahali pengine zilisimama kwa kukosa vipuri na mafundi, au zikageuzwa kuwa magari ya kuvuta matofali na magunia. Wataalamu walisikitika juu ya magari hayo. Sisi hatuoni sababu ya kusikitika. Mkulima alijua mahali mgongo wake unapouma.

Turudi nyumbani. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatakabidhiwa wananchi. Waliopewa mara nyingi hawakuwa wakulima wala mafundi. Mashine zilitumika mpaka zikasimama, kisha zikafunguliwa vipande vipande, na vipande vikauzwa. Baadaye, tangu 1996, vita vilikuja kimoja baada ya kingine, na kilichokuwa na magurudumu kiliporwa. Barabara ziliharibika, na Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hata 1997, aliwahimiza watu wasingoje serikali bali wazitengeneze wenyewe. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilifunguliwa Butembo mwaka 1989 katika roho hiyo hiyo. Tena katika miaka hiyo chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ilienea Kivu ya Kaskazini yote: magurudumu ya mbao yaliyovikwa mpira wa gari kuukuu, na spring ikipatikana. Mtu aliyeweza kubuni chukudu hawezi kuambiwa kwamba hajui ufundi.

Basi vipande vya mashine vilivyouzwa havikupotea. Spring za lori zikawa majembe na mapanga kwa wahunzi. Pistoni za alumini ziliyeyushwa zikawa sufuria, na wengi wetu tumekula ugali uliopikwa ndani ya pistoni bila kujua. Injini nzima zilizosalia zilifungwa kwenye vinu. Katika vijiji vya Afrika ya mashariki yote injini iliyoonekana zaidi kinuni ilikuwa Lister, iliyotengenezwa Dursley huko Uingereza tangu karibu na mwaka 1930, kisha ikaigwa na Wahindi wa Rajkot. Ni nzito kama jiwe na haina haraka: huzunguka mara 600 na kitu kwa dakika, na sauti yake moja moja husikika ng'ambo ya bonde. Kwa sababu haina haraka, haichakai upesi, na fundi huweza kuifungua kwa spana chache.

Wasomaji vijana wapenda kujua jinsi injini iliyokufa inavyofufuliwa. Tueleze kidogo, maana ni kazi ya subira zaidi kuliko ya nguvu. Injini iliyolala miaka kumi mara nyingi imeshikwa na kutu, pistoni haiendi. Mjinga huchukua nyundo. Fundi huondoa plagi, humimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo ndani ya silinda, kisha huenda zake. Kesho hurudi akaongeza. Baada ya siku nne au tano huweka kipande cha mti mgumu juu ya pistoni, hugonga polepole, na kusikiliza. Pistoni ikisogea unene wa ukucha, kazi imeshinda nusu. Ringi zikiwa zimeshikamana hutolewa kwa uangalifu, maana ni chuma cha kalibu, huvunjika kama biskuti.

Kisha magineto, kile kifaa kinachozaa cheche bila betri. Mara nyingi haikufa. Pointi zake zimeota ukungu tu. Husafishwa kwa karatasi laini, si kwa tupa kali, na nafasi kati yake hurudishwa kama milimita 0.4. Sili za zamani zilikuwa za ngozi, na hii ni bahati kwetu, kwa sababu kipuri chake kinatembea malishoni: ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa vizuri, ikakatwa duara na kulowekwa katika oili usiku kucha, huziba kama ile ya kiwandani. Gasketi ya karbureta hukatwa katika karatasi ngumu ya boksi. Gasketi ya kichwa cha silinda ni shida zaidi; yataka karatasi ya shaba nyekundu, iliyochomwa kwanza ili ilainike. Na ikiwa mwili wa injini umepasuka, asikubali mtu kuuchomelea ukiwa baridi. Chuma cha kalibu hupashwa moto kwanza katika makaa, huchomelewa, kisha huzikwa katika majivu kipoe usiku mzima. Kikipoa upesi, hupasuka pembeni mwa mahali palipotengenezwa, na fundi huanza tena akiwa na nyufa mbili.

Tumeyasema hayo, lakini bado hatujajibu swali la mlima. Hata tukifufua trekta ndogo kumi, je, zitalima Butembo? Hapa twapenda kusema kweli, ijapokuwa itawaudhi wapenda mashine.

Kwanza, hewa. Butembo uko juu, mita 1,700 na zaidi. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na kifaa cha kusukumiwa hewa hupoteza nguvu zake, hata kufika moja ya sita. Tena kabureta iliyopimwa pwani hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, moshi unakuwa mweusi, plagi inajaa masizi, na mwenyewe analaumu petroli ya muuzaji. Wakati mwingine muuzaji naye ana hatia, lakini si kila mara! Dawa ni kupunguza tundu la petroli katika kabureta.

Pili, mteremko. Injini nyingi ndogo za zamani hazina pampu ya oili. Chini ya pistoni kuna kijiko kidogo kinachochota oili katika bakuli na kuirusha juu ya beringi. Shambani penye usawa jambo hilo ni zuri na rahisi. Lakini injini ikiinama sana mlimani, oili hukimbilia upande mmoja, kijiko kinachota hewa, na beringi inaungua, mlimaji haoni kitu mpaka sauti ibadilike. Injini nyingi nzuri zimeuawa hivyo, na watu wakasema ni za zamani. Kisha mashine yenyewe ikipita kando ya mlima hupinduka, na aishikaye yuko upande wa chini.

Tatu, na hili ndilo kubwa, udongo. Meno ya kuzunguka husaga udongo ukawa kama unga. Katika bonde hilo ni jambo jema, mbegu hulala vizuri. Katika mlima wa Lubero, mvua moja ya Aprili huuchukua unga huo wote na kuupeleka mtoni. Jembe la mkono huacha mabonge, na mabonge hushika maji. Mama anayelima kukingama mlima, akiacha majani kati ya shamba na shamba, anafanya kazi ambayo trekta haiijui. Wale mabwana shamba wa zamani waliolazimisha mitaro hawakukosea juu ya udongo. Walikosea kulazimisha, na hivyo wakalifanya jambo la kweli lichukiwe. Kuleta mashine ya kusaga udongo katika miteremko ile, pasipo mitaro wala nyasi za kuzuia, ni kuwanyang'anya watoto shamba lao.

Chini, kuelekea Beni na bonde la Semuliki, mambo ni mengine. Huko iko ardhi tambarare, joto, udongo mzuri, na trekta ndogo ingeweza kulima kwa siku moja kazi ya jembe ya wiki nzima. Lakini tangu Oktoba 2014 wauaji wamechinja watu katika vijiji vya Beni, wengi wao wakiwa mashambani, na maelfu wamekimbia. Mashamba mengi yamerudi kuwa pori kwa kuwa kwenda huko ni kuhatarisha uhai, wala si kwa kukosa jembe au injini. Hatuwezi kuandika habari ya trekta katika nchi hiyo tukanyamaza juu ya hilo. Mkulima wa Beni akiulizwa anahitaji nini kwanza, hatataja petroli.

Kwa sababu hizo zote twaona kwamba katika parokia za milimani kazi ya trekta ndogo iliyofufuliwa ni ile inayofanywa imesimama. Ifungwe puli, iwekwe mahali pa usawa karibu na njia, ivute kinu cha mahindi na mihogo. Mwanamke aliyetoka shambani bado ana saa nyingi za kutwanga, na saa hizo injini yaweza kumrudishia pasipo kugusa mteremko wake wala udongo wake. Siku nyingine ivute pampu, au msumeno. Mabondeni, penye vitalu vya mboga, iondolewe puli ifungwe meno, ilime. Ndiyo maana tulisema mwanzoni kwamba vifaa vya kufunga ni nusu ya mashine.

Wamekuwako wanaotuuliza kama yafaa zaidi kununua injini mpya ya bei rahisi kuliko kuhangaika na ya zamani. Jibu letu hutegemea fundi aliye karibu. Injini mpya nyepesi huzunguka mara 3,000 na zaidi kwa dakika na huwaka kwa kamba moja, tena vipuri vyake viko sokoni Butembo. Lakini ikichakaa mara nyingi hutupwa. Ile ya zamani, nzito, hutengenezwa tena na tena, mradi mtu asichoke.

Atakayepata ya zamani aitazame kwanza hivi. Aizungushe kwa mkono: ikimsukuma nyuma kwa nguvu, ringi na valvu bado zina uhai. Achovye kijiti katika oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na pengine kichwa kimepasuka. Ashike gurudumu zito la pembeni alitikise juu na chini. Likicheza, beringi zimekwisha, apunguze bei au aondoke. Atazame kama magineto ipo, maana mara nyingi iliuzwa zamani peke yake, na kuipata nyingine ni safari ya Kampala. Na aulize vile vifaa vya kufunga viko wapi. Mara nyingi viko nyuma ya nyumba ya muuzaji, majani yameota juu yake, naye hajui ni vya nini.